Hujafa, Tuko Kiembesamaki

Kwenye simu za watu wa Ng'ambo, Bi Mwanapili hakuandikwa Bi Mwanapili tu. Wengine wamemwandika "Bi Mwanapili Maiti". Wengine "Bi M. Muosha". Simu yake ikiita, mtu huikodolea macho kwanza, inalia weee, anasema moyoni yaa Rabbi leo nani tena, ndo anapokea. Na mara nyingi mwenyewe kapiga kuuliza tu kama kuna mtu ana ndimu ndani.

Watu wasilaumiwe lakini. Kazi yake ndo hiyo, anaosha maiti wa kike. Akifa mama wa mtu au bibi wa mtu, anaitwa yeye, anakuja na mkoba wake wa kahawia: pamba, karafuu maiti, marashi, majani ya mkunazi, mkasi. Halii, hababaiki. Wanaolia anawatoa chumbani mmoja mmoja kwa kuwashika bega, anabakisha wa kumsaidia, basi. Wakiitwa wanaume kuja kuchukua jeneza, kila kitu kipo sawa na chumba kinanukia.

Ana mambo yake mawili ambayo mjini watu wote wanayajua.

La kwanza, anazungumza na maiti. Hamgusi mtu kabla ya kumfunika kanga, na akishamfunika, kila anachotaka kumfanyia anamwambia. "Bismillahi. Nisamehe mama, nnakugeuza kidogo." "Nisamehe mama, nnakuinua mkono." Hata awe binti wa skuli, kwake ni mama. Sauti anaiweka chini kabisa, kama mtu anayelaza mtoto. Mwanamke yeyote wa mjini alofiwa na mamake anayajua maneno hayo, na akiyakumbuka nywele zinamsimama. Alifundishwa na bibi yake huko kwao Matemwe, zamani, walipokuwa bado wanalima mwani pamoja. Bibi alimwambia maiti anasikia. Na kama hasikii, basi wewe unajisikia.

La pili, hasemi. Alichokiona kwenye kuosha kimebaki huko huko. Muosha akitoka chumbani hutoka na ndoo tu, ndivyo alivyofunzwa. Jirani yake Mardhiya, mwanamke mnene mcheshi ambaye habari ikilala kwake haiamki salama, kajaribu miaka na miaka.

"Shoga, hebu niambie. Kweli yule marehemu alikuwa na chale mgongoni?"

"Alikuwa ana haki yake," anasema Bi Mwanapili.

"Haki gani?"

"Ya kutosemwa."

Kwa hiyo ni mtu anayeheshimiwa sana na anayekaliwa mbali kidogo. Mtoto mchanga akizaliwa, anaonyeshwa yeye kwa mlangoni. Kwenye harusi anapewa kiti kizuri, pembeni. Na mizaha haiishi. "Bi Mwanapili usinitizame hivo, kama unanipima sanda!" anapiga kelele Mardhiya kila wakikutana dukani. Na yeye hujibu, "Wewe? Wewe nikupime vipi, wewe unataka jora zima," duka zima linacheka, maisha yanaendelea.

Mtu mmoja tu aliyekuwa haogopi mikono ile ni Shahida. Huyu ni mtoto wa kaka yake. Mamake alifariki yeye hajamaliza hata chuo cha Kurani, babake akaoa Pemba akabaki huko, basi Shahida kalelewa na shangazi yake. Mikono ile ile ilomwosha mamake ndo ilomsuka nywele, ilomlisha uji, ilomfinya masikio alipotoroka skuli. Yeye kwake ni mikono tu, inanuka ndimu kwa sababu Bi Mwanapili akirudi kazini huisugua na ndimu mpaka kucha.

Sasa Shahida kachumbiwa. Bwana mwenyewe ni Turki, kijana wa Malindi ana duka la simu Darajani, mpole, ndevu kazichonga vizuri. Mama wa Turki ni Bi Jokha. Bi Jokha ni wale wanawake wa mjini wenye asili ya Kiarabu ambao nyumba yao unaijua kwa harufu ya udi kabla hujafika mlangoni. Miwani kaifunga mnyororo, bangili zinamlia mkononi, na akisema neno limekwisha semwa.

Kabla ya harusi kuna singo, hilo halina mjadala. Bi harusi anasuguliwa mwili mzima na liwa na maua yaliyosagwa mpaka ngozi inang'ara na mtu ananukia wiki nzima. Kwao kina Bi Mwanapili mkono wa mwanzo wa singo ni wa shangazi. Yeye alisingwa hivo, na mamake alisingwa hivo. Tangu Shahida yuko mdogo Bi Mwanapili alikuwa anaisubiri siku hiyo, na hakumwambia mtu, kwa sababu si mtu wa kusema. Kwenye harusi zote hizo alizokaa kitini pembeni, hii ingekuwa ya kwanza kukaa katikati.

Ndo akaja Mardhiya, aliyekuwa mshenga wa upande wa bwana harusi, siku ambayo Bi Mwanapili alikuwa kakaa ukumbini anachambua mchele.

"Hodi hapa."

"Karibu. Mbona uso umeukunja kama umetia ukwaju mdomoni?"

"Shoga, mie mjumbe tu. Mjumbe hauawi."

"Sema."

"Bi Jokha anakusalimu sana. Wallahi anakupenda. Anasema wewe ndo ulomwosha mamake, na yeye mwenyewe alikuwa anakushikia kata ya maji, na ulimwosha uzuri, hajasahau. Ila..."

"Ila."

"Ila hii singo, Bi Mwanapili. Anasema mikono ya kuosha maiti kumsinga mwari, anaona nuksi. Hana ubaya! Anasema aanze mtu mwengine. Wewe utakaa pale pale, kwenye kiti, mtu wa heshima zako."

"Nani ataanza?"

Mardhiya akaitizama dari kama imeandikwa kitu. "Ati kasema mie."

Bi Mwanapili akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa uani. "Haya," akasema.

Shahida alikuwa anasikia chumbani. Mardhiya kutoka tu, kaja mbio. "Haya nini, Shangazi? Haya nini? Mie namwambia Turki, mamake asipobadilisha na harusi isiwepo!"

"Kaa kitako."

"Sikai!"

"Basi simama, lakini simu iweke chini. Mtu haachi mume kwa ajili ya singo. Utamwambia nini mwanao?"

Yakaishia hapo. Ila jioni yake Shahida alimwona shangazi yake bombani, anasugua mikono kwa ndimu na chumvi, na siku hiyo hakuwa katoka kuosha mtu. Anasugua, anainusa, anasugua tena. Shahida akarudi ndani kimya kimya.

Singo ikawekwa Alkhamisi. Wiki moja kabla yake Bi Mwanapili kaitwa Dar. Binti wa mjomba wake kafariki Ilala. Kapanda boti na mkoba wake, kaenda kaosha, kakaa mpaka khitma imesomwa. Siku ya kurudi mvua ya masika ikaamua kumaliza maji yote ya mwaka. Bahari imechafuka, bandarini wakatangaza boti hakuna. Watu na mabegi yao wanatizamana. Yeye moyoni alikuwa hana haraka, mtu wa kukaa kitini anawahi nini? Lakini Shahida katuma sauti kwenye simu, analia na kufoka pamoja: "Shangazi, wewe usipokuwepo mie sisingwi na mtu. Nshasema. Sisingwi!" Basi wenyeji wake wa Dar wakamkatia ndege.

Hakuwahi kupanda ndege maisha yake. Ilikuwa ile ya mapanga mbele, viti viwili huku viwili huku. Kaingia na mkoba wake kaukumbatia, anatafuta kiti chake, kakiona. Na kiti cha dirishani pembeni yake kakaa Bi Jokha.

Aliyekuwa na sura ya kufa pale ni Bi Jokha, wala si yeye.

"Asalaam alaykum, Bi Jokha."

"Wa alaykumu salaam. Bi Mwanapili! Na wewe huku?"

"Boti hakuna."

"Hakuna kabisa. Mie nilikuja Kariakoo kumalizia sanduku la bi harusi. Na wewe kwa kheri?"

"Msiba. Ilala."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Akautizama ule mkoba. "Na wewe ndo..."

"Nimeosha mie."

Bi Jokha akakiondoa kiwiko chake kwenye mkono wa kiti. Taratibu, kwa adabu, kama anarekebisha tu nguo. Bi Mwanapili kaona, kashaona viwiko vingi.

Kutoka Dar mpaka Unguja kwa ndege si safari, mtu akishajua mkanda unafungwaje kashafika. Wakati inaanza kushuka, Bi Jokha akashika masikio. Yanamuuma, yanataka kupasuka, macho yamemtoka machozi. Bi Mwanapili akafungua mkoba, akatoa bunda la pamba, akamkatia vipande viwili.

Bi Jokha akaitizama pamba. Akamtizama aliyeishika. "Hii pamba ya wapi?"

"Ya duka la dawa."

"Si ile ya...?"

"Bunda jipya, Bi Jokha. Ndo kwanza nalifungua."

Masikio yakauma tena, na masikio yakiuma mtu hachagui. Akaipokea kwa ncha za vidole, akaitia masikioni, akageukia dirishani ambako hakukuwa na cha kutizama isipokuwa mvua.

Ndege ikagusa chini. Watu wakashusha pumzi, wengine washaanza kuwasha simu. Maji yanaruka ubavuni kama unapita gari kwenye dimbwi. Na ndege inakwenda. Inakwenda tu. Breki unazisikia zinashika, zinaachia, zinashika, na majengo ya uwanja yanapita dirishani na hayapunguzi mwendo.

"Mbona haisimami?" akauliza mwanamme wa nyuma, sauti ya kawaida kabisa.

"Anatupeleka mpaka Fumba huyu," akajibu mwenziwe, na kuna mtu hata alicheka.

Halafu lami ikaisha. Kishindo cha kwanza kikawainua wote, cha pili kikazima taa. Majani, tope, mawe yanapiga chini kama mtu anagonga mlango kwa nyundo. Ndege ikaegemea upande, pua ikainama, ikachimba, ikasimama. Mbele yake ukuta wa uwanja ulikuwa karibu kiasi kwamba rubani angeweza kusoma tangazo lililobandikwa. Halafu "Allahu Akbar!" kutoka kila kiti kwa pamoja.

Hakufa mtu, na tusifanye siri. Walopata michubuko walipata, mmoja alivunjika mkono, basi. Mhudumu wa ndege, msichana mdogo kilemba kimeshamtoka, alikuwa anapiga kelele mlangoni, "Tokeni! Mizigo acheni! Mizigo acheni jamani!" na watu wanatoka na mizigo. Kuna bwana alitoka na feni ya mezani.

Bi Mwanapili alikuwa mzima. Katizama pembeni, Bi Jokha hakuwa mzima. Kabati la juu lilifunguka, na mkoba wa Bi Jokha mwenyewe, ulojaa vitu vya sanduku la bi harusi, ulimshukia kichwani. Kaegemea dirisha, macho kafumba, damu kidogo kwenye paji. Miwani haipo. Ushungi umemtoka, nywele nje, abaya imepanda mpaka magotini. Na ndani ya ule mkoba chupa zilikuwa zimepasuka, marashi ya waridi yanachuruzika kwenye viti, ndege nzima inanukia.

Hapo Bi Mwanapili hakufikiri. Mikono ilifikiri yenyewe. Kavua kanga yake ya juu, kamfunika Bi Jokha kuanzia kichwani mpaka miguuni akiacha uso tu, kamfungua mkanda chini ya kanga, kapitisha mkono nyuma ya bega. Na mdomo nao ukafanya kama ulivyozoea.

"Bismillahi. Nisamehe mama, nnakugeuza kidogo."

Bi Jokha akafumbua macho.

Hebu mfikirie. Hana miwani, anaona weupe tu. Masikio yamezibwa pamba, kelele za watu zinamfikia kwa mbali, kama watu wanaolia ukumbini. Kafunikwa kanga. Pananukia waridi. Na uso ulomwinamia, na sauti hiyo, na maneno hayo hayo aliyoyasikia siku alipokuwa kashika kata ya maji pembeni ya mamake.

"Bi Mwanapili," akasema kwa sauti ndogo. "Mshaanza?"

"Kuanza nini?"

"Kuniosha."

Bi Mwanapili akafungua mdomo amjibu. Bi Jokha hakungoja.

"Maji msiyafanye ya baridi sana. Turki kaambiwa? Msimwambie kwa simu." Chozi likamtoka, likaingia kwenye pamba. "Na wewe niwie radhi, Bi Mwanapili. Nlikuzuia kumsinga mwanao. Nlisema mikono yako nuksi. Na mikono yenyewe ndo hii, na mwengine wa kunishika sina. Niwie radhi, nisiende na jambo lako."

Nyuma watu wanasukumana. Mhudumu anaita. Bi Mwanapili angeweza kumkatiza kwenye neno la kwanza, na alijua hilo pale pale, na baadae alilijua zaidi. Hakumkatiza. Alimwacha amalize mpaka mwisho, kamshika bega.

"Nshakuwia radhi," akamwambia. "Sasa inuka. Hujafa, tuko Kiembesamaki."

"Kiembesamaki?" akasema Bi Jokha, kama mtu aliyeambiwa kagonga nyumba siyo.

"Uwanja wa ndege. Ndege imepitiliza. Nisamehe mama, nnakuinua."

Akamwinua. Mtu aliyezoea kuinua watu wasiojisaidia, kumwinua anayejisaidia nusu si kazi. Wakatoka mlangoni, wakashushwa na watu wa zimamoto kwenye tope la magotini, mvua inawapiga, na mvua ndo ilomzindua Bi Jokha kabisa. Akasimama pale majanini kajifunga kanga ya watu. Akatoa pamba ya sikio moja, akaitizama. Akatoa ya sikio la pili. Akamtizama Bi Mwanapili, na uso wake ukaanza kubadilika rangi, kutoka juu kwenda chini. Gari ya wagonjwa ikaja ikamchukua.

Simu ya Bi Mwanapili ikaita. "Shangazi! Uko hai?"

"Niko hai. Nimechafuka tu."

"Huku wametuma picha ndege inawaka moto!"

"Siyo hii. Hii imezama tope. Nichemshie maji nije nioge."

Na kweli mjini siku ile simu zilikuwa na ndege za kila namna. Kuna picha ya ndege inayoungua, theluji imejaa pembeni, na watu wakaipeleka kundi hadi kundi wakilia. Kuna bwana katuma sauti anaapa imeangukia Chumbe kaiona kwa macho yake. Kuna nyumba walishaanza kutandika mikeka, mtu wao akaingia na begi lake, akauliza kafa nani.

Kwa Bi Mwanapili walikuja wote. Wanataka kusikia. Yeye anawapa chai, anawaambia, "Ilipitiliza, ikasimama," na hiyo ndo hadithi yake nzima. Mardhiya aliikalia ile hadithi kwenye kochi mpaka chai ikapoa.

"Na Bi Jokha nasikia mlikaa pamoja."

"Pamoja."

"Nasikia alizimia. Alifanyaje? Alisema nini? Alilia? Shoga, mie sitomwambia mtu."

"Alikuwa ana haki yake."

"Aaa! Mtu hajafa huyo, Bi Mwanapili! Haki hiyo si ya maiti?"

Bi Mwanapili akafikiri kidogo, kwa sababu swali lilikuwa la maana. "Nilimfunika kanga," akasema. "Nikishamfunika mtu, basi."

Mardhiya hakupata kitu, akatoa yeye basi habari, maana mtu lazima atoe au apokee. Bi Jokha kashonwa kidogo karudi nyumbani, lakini ana jambo. Chakula hali. Kila anayekuja kumtizama anamuuliza, "Huko Ng'ambo watu wanasema nini?" Anaambiwa hawasemi kitu, wanasema umepona alhamdulillahi. "Na Bi Mwanapili anasemaje?" Anasema ndege ilipitiliza. "Hilo tu?" Hilo tu. Anauliza tena kesho yake.

Bi Mwanapili alisikia, akaendelea na kazi zake. Neno moja kwa Shahida lingetosha, Shahida amwambie Turki, Turki amwambie mamake, singo irudi kwake kabla adhuhuri. Neno lenyewe lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi. Akalala nalo, akaamka nalo. Radhi mtu kaiomba akidhani kafa, sasa kaamka yuko hai, inamfunga au haimfungi? Hakumuuliza sheikh. Hata kumuuliza sheikh ni kusema.

Alkhamisi ikafika. Chumba cha Shahida kimejaa wanawake, udi umefukizwa mpaka macho yanawasha, bakuli la singo liko katikati ya mkeka limefunikwa kitambaa. Shahida kakaa katikati kajifunga kanga kifuani, kanuna. Mardhiya mikono ya nguo kaikunja mpaka juu, vidole anavinyoosha kama mcheza ngumi. Na Bi Mwanapili yuko kitini. Kiti kizuri, pembeni.

"Shahida mwanangu, nyoosha mguu," akasema Mardhiya.

"Mguu unauma."

"Basi mkono."

"Mkono nao."

"Bi Mwanapili, msemeze mwanao!"

"Shahida," akasema Bi Mwanapili. "Nyoosha mguu." Na Shahida akaanza kuunyoosha, machozi yanamlenga, taratibu, kama unatoka kwenye saruji mbichi.

"Hodi!"

Wote wakageuka. Mama wa bwana harusi haji kwenye singo ya mkwewe, anasubiri kwake aletewe habari. Lakini mlangoni pale kasimama Bi Jokha, bandeji kwenye paji, miwani mpya, mfuko mkononi.

"Karibu, karibu Bi Jokha," wakasema wanawake, kila mmoja kwa wakati wake, hawajui wampishe wapi.

Bi Jokha hakukaa. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha pembeni, akatoa kanga kwenye mfuko, imefuliwa, imepigwa pasi, imefukizwa.

"Nimeleta kanga ya mwenyewe."

"Ahsante. Kichwa kinaendeleaje?"

"Kipo." Akamtizama Bi Mwanapili usoni, kwa miwani mpya, vizuri, mara ya kwanza labda. "Hukumwambia mtu."

"Kumwambia nini?"

Bi Jokha akatikisa kichwa. Akageuka, akaliona bakuli. "Hamjaanza?"

"Ndo nataka kuanza, Bi Jokha," akasema Mardhiya. "Mtoto mguu unamsumbua."

"Wewe nani yake?"

"Mie?" Mardhiya akatizama mikono yake iliyokunjwa. "Mie si wewe ulosema..."

"Nnakuuliza, wewe shangazi yake?"

"Hasha, si shangazi yake."

"Basi shangazi yake yupo, huyo kakaa kitini kama mgeni. Kwani kaumwa?"

Mtu akacheka, akajizuia. Mardhiya akaishusha mikono ya nguo, mmoja baada ya mwengine. "Na ile nuksi?" akauliza kwa sauti ya chini, kwa sababu yeye jambo lazima alijue mpaka mwisho.

"Nuksi gani?" akasema Bi Jokha. "Mikono ile imenishika mie, na nipo hapa, na jana nimekula wali sahani mbili."

Hawakuelewa. Walitizamana tu. Bi Jokha akatafuta pa kukaa kwenye mkeka, karibu na mlango, akakaa, bangili zikamlia.

Bi Mwanapili akainuka kitini. Hakufanya haraka. Alikwenda kunawa mikono kwanza, bila ndimu, akarudi akapiga magoti mkekani. Kanga ilorudishwa akaikunjua, akamfunika Shahida mabegani, kwa sababu hawezi kumgusa mtu kabla ya kumfunika. Akafungua bakuli, akachota singo kiganja kizima, liwa na asumini vikanukia chumba kizima. Na mdomo wake ukafanya kama ulivyozoea.

"Bismillahi. Nisamehe mama, nnakugeuza kidogo."

Chumba kikawa kimya, kwa sababu wengi mle ndani walikuwa na mama zao walioondoka. Mardhiya akasema subhanallah ndani kwa ndani. Kule mlangoni Bi Jokha mkono ulimpanda mpaka sikioni, kidole kikapapasa ndani, hakikukuta pamba, ukashuka.

"Shangazi," akasema Shahida, chini ya kanga, "unanitekenya."